Petroli ya Matanga

Baba mkwe wangu alipofariki, kazi niliyopewa mimi ilikuwa kupeleka petroli.

Sisi tuliooa katika boma lile tuligawiwa mizigo kama desturi ilivyo. Mmoja aliambiwa alete fahali wa kuchinjwa, mwingine hema na viti, na mimi, kwa kuwa ndiye mwenye teksi, nikaambiwa nibebe akina mama watakaofika mjini kutoka mbali, kisha nije na petroli ya jenereta. Stima ya kule kwao, karibu na Butali, ilikuwa imepotea tangu transfoma yao iungue, na mtu wa kukodisha spika alikuwa amesema wazi kwamba yeye analeta mashine tu, mafuta ni juu ya wenye matanga.

Aliyenipigia simu ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkuu wa boma. Alikuwa mtu wa kiwandani, wa kupakua miwa, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mitambo. Alitaka mtungi mmoja uliojaa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye steji yetu pale Kakamega mjini, wenzangu wameegemea magari yao wakinisikiliza, na nikajibu haraka kama mtu anayetaka kusikika.

"Hiyo si shida, shemeji. Wewe hesabu imefika."

Nikilikumbuka jibu hilo uso bado unaniwaka moto, maana hata kabla sijairudisha simu mfukoni nilijua kwamba mimi sibebi petroli kwenye gari.

Kwetu stejini ni marufuku. Askari wa barabarani hawahusiki hapo, wao wanatutafutia makosa mengine. Ni sisi wenyewe tuliokubaliana, baada ya yale yaliyompata mwenzetu mmoja. Alikuwa amebeba petroli ya msumeno wa mteja aliyekuwa akipasua mbao upande wa Isecheno, katika mtungi wa manjano uliokuwa wa mafuta ya kupikia, kifuniko chake kimepotea na mdomo umezibwa kwa kipande cha nailoni. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake, kanipa lifti tu. Harufu ilianza kutujaa kichwani, tukashusha vioo, tukacheka kwamba tutalewa bila kulipia. Alipoona imezidi akaegesha pembeni, akaenda nyuma kuutazama mtungi. Alipofungua buti, nadhani ni ule waya wa taa ya ndani uliotoa cheche. Sikusikia mlipuko. Nilisikia kama mtu anayekung'uta blanketi zito, na nilipogeuka mwenzangu alikuwa amenyoosha mikono mbele yake na mikono ile inawaka.

Aliishi. Vidole vyake viligandana, havikunjuki. Siku hizi hushinda palepale stejini akituitia wateja, na akitaka chai mmoja wetu humshikia kikombe. Ni yeye aliyetuomba tuweke ile sheria: mafuta yakae kwenye tangi la gari, si kwenye mtungi, uwe na abiria au usiwe nao. Nasikia hata sheria ya serikali inakataza steshoni kuwauzia watu kwa mitungi ya plastiki, na kibao kipo kimebandikwa kwenye pampu. Kibao kipo na mitungi inajazwa chini yake.

Wenzangu waliitii sheria ile kwa kumheshimu mgonjwa wetu. Mimi niliitii kwa woga. Tangu siku ile, harufu ya petroli ikinijia ndani ya gari naegesha pembeni na kushuka. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nilipowakataza wateja waliokuja na mitungi, nilisema "sheria ya steji" kwa sauti nzito, nikaonekana dereva mwenye msimamo.

Na kule ukweni nilikuwa na haja kubwa ya kuonekana mtu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiendesha gari la mtu mwingine, na kwenye mikutano ya wakwe nilikuwa yule anayeulizwa kama tajiri wake amempa ruhusa ya kuja. Sasa gari lilikuwa langu. Hiyo petroli ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza niliyoaminiwa katika boma lile.

Asubuhi ya mazishi nililiosha gari, nikauweka mtungi mpya kwenye buti, nikaenda steshoni. Mpango wangu ulikuwa niujaze, nishushe vioo vyote, niende polepole peke yangu hadi Butali, kisha nirudi kuwachukua akina mama. Mhudumu, msichana mwenye ovaroli, alikuja akauchukua mtungi mkononi mwangu, akauweka chini kando ya pampu. Akauliza kama ni petroli au dizeli. Nilimtazama akiufungua. Gari la mbele yetu lilikuwa limejazwa kupita kiasi, petroli kidogo ilikuwa imemwagika kwenye saruji, na ile harufu ikapanda.

Nilimwambia aache. Nikamwambia aweke mafuta kwenye tangi tu, ajaze. Aliniuliza na mtungi je, nikasema nimebadilisha nia. Akaufunga, akanirudishia ukiwa mwepesi kama ulivyokuja, akaendelea na kazi yake. Hakukataa kuuza. Nalisema hilo mapema kwa sababu ya yale yaliyofuata.

Akina mama niliotakiwa kuwabeba walikuwa wawili, dada zake mama mkwe. Mkubwa alikuwa ametoka Nakuru kwa mwanawe. Mdogo aliolewa Mayoni katika familia ya Kiislamu, naye alikuwa amejitanda buibui jeusi na kupakata sufuria kubwa iliyofungwa kwa leso. Alinitolea salamu ndefu ya kwao, akaniuliza hali ya watoto mmoja mmoja, kisha akauliza kama nimebeba kila kitu nilichoagizwa.

"Kila kitu, mama," nikasema.

Tukashika barabara ya Webuye. Mbele yetu trela za miwa zilikuwa zikijikokota, na kila nilipokwama nyuma ya moja nilipata nafasi ya kufikiri. Pale Malava kulikuwa na steshoni na waendesha bodaboda wamejaa mbele yake. Ningeweza kumpa mmoja mtungi aufunge nyuma kwenye kario, atangulie. Niliwaza hivyo, nikapunguza mwendo, kisha nikaona nitalazimika kuwaeleza wale mama kwa nini mwenye gari anampa mtu wa pikipiki mzigo wake. Nikapita. Nikajiambia nitafanya hivyo Butali. Butali penyewe watu walikuwa wengi, wengine walinijua, wakanipungia mkono. Nikapita tena. Kufikia pale tulipokunja kuingia barabara ya vumbi kati ya mashamba ya miwa, nilikuwa nimekwisha kuitunga sentensi nitakayoisema.

Shemeji alitupokea langoni. Aliwakumbatia dada za mama yake, wakalia pamoja kidogo, kisha akaja nyuma ya gari akisugua viganja.

"Iko kwa buti?"

Nikamwambia steshoni imekataa. Nikasema siku hizi hawauzi kwa mtungi, ni sheria, wamekuwa wakali sana. Niliisema vizuri, kwa kuhuzunika, kama mtu aliyehangaika.

"Zote zimekataa?"

"Zote."

Alinitazama kidogo. Sidhani alinishuku, nadhani alikuwa amechoka tu. Mchungaji alikuwa akimwita. Akasema mtu wa spika amekuja na mafuta kidogo kwenye mashine, labda yatatosha, akaondoka. Nilibaki nimeshika mlango wa buti, na nilijihisi nimepona. Hilo nalo linaniaibisha, kwamba nilifurahi.

Jenereta iliwekwa nyuma ya hema, karibu na kichaka cha migomba, ikinguruma tangu asubuhi kwa nyimbo. Jeneza lilikuwa uani. Sisi wakwe tuliketi upande wetu, mbali na mama mkwe, kama inavyotakiwa. Katika desturi ya kule mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawakaribiani. Hamshikani mikono, hamli meza moja, mkikutana njiani mmoja hupisha. Katika ndoa yangu yote nilikuwa nimemsikia mama yule akizungumza nami moja kwa moja mara chache mno.

Wasemaji walikuwa wengi. Majirani, watu wa kiwandani, watu wa kanisa. Jua lilikuwa kali na watu walikuwa wameanza kusinzia mfawidhi alipomwita mjane. Mama mkwe alishikwa mkono na mke wangu hadi kwenye maikrofoni. Hakuwa na karatasi. Alisalimu, kisha akaanza kusimulia jinsi marehemu alivyokuja kwao mara ya kwanza kuposa, akiwa kijana mkata miwa, jinsi alivyofika amelowa chapachapa na mvua. Watu waliinua vichwa. Alikuwa akizungumza taratibu, na sauti yake kwenye spika ilikuwa ya msichana.

"Baba yangu akamwuliza," akasema, "wewe kijana, umekuja kwangu na nini? Naye akajibu—"

Jenereta ikakohoa, ikazima.

Mama mkwe hakujua. Aliendelea kuzungumza na maikrofoni mdomoni, midomo inasogea, na sisi wa nyuma hatusikii neno. Ni mke wangu aliyemgusa bega. Akaitazama maikrofoni, akaishusha, akasimama pale mbele ya jeneza la mumewe akisubiri.

Mtu wa spika aliinama kwenye mashine, akainuka, akasema petroli imeisha. Mfawidhi akauliza petroli ilikuwa jukumu la nani. Sikuona ni nani aliyejibu. Nilisikia tu likipita kutoka kiti hadi kiti: ni ya yule mkwe wa Kakamega, yule wa teksi. Vichwa vikageuka. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami aliuliza, bila ubaya wowote, kama gari langu linatumia maji. Watu wakacheka kidogo, wakalitazama gari langu lililokuwa limeegeshwa kando ya ua, limeoshwa, linang'aa.

Nilikwenda kulifungua tangi kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Mtu alileta kipande cha mpira wa maji ili tunyonye petroli. Tuliusukuma ndani ya mdomo wa tangi, ukakwama kwenye kona, tukauzungusha, ukakwama tena. Magari ya siku hizi yametengenezwa hivyo. Waombolezaji wote walikuwa wamegeuza viti kututazama, na mimi nimesimama na kifuniko cha tangi mkononi.

Shemeji alituacha na mpira wetu. Alipanda bodaboda ya jirani akaenda Butali. Mchungaji akaanzisha wimbo ili kujaza ule muda, na haukuwa muda mrefu, kwa maana wimbo wenyewe haukufika mwisho. Pikipiki ilirudi na shemeji ameshika chupa kubwa ya soda kila mkono, zimejaa petroli hadi shingoni. Alipita mbele yangu. Hakusimama, ila alipunguza hatua.

"Steshoni imekubali," akasema.

Waliokuwa karibu walisikia. Walioelewa waliwaeleza wengine. Nilimwona mke wangu, bado amemshika mama yake mkono, akinitazama kwa mbali na kuelewa.

Sasa nieleze jambo ambalo hakuna aliyelifahamu siku ile, au ndivyo nilivyodhani. Jenereta ilikuwa imefanya kazi tangu asubuhi kwenye jua. Ekzosi yake ilikuwa ya moto kiasi kwamba hewa juu yake ilikuwa inatetemeka. Mtu yeyote aliyeona nilichokiona mimi kwenye ile buti ya mwenzangu angejua kwamba mashine kama hiyo unaiacha ipoe kwanza, na kwamba humimini petroli kutoka chupa ya soda bila faneli. Nilijua. Niliinua mkono. Neno "ngoja" lilikuwa tayari mdomoni. Halafu nikafikiria itakavyosikika: yule mwongo wa steshoni, aliyeshindwa kuleta mafuta, sasa anawafundisha waliokwenda kuyaleta jinsi ya kuyamimina. Nikaushusha mkono.

Shemeji akainamisha chupa. Petroli ilibubujika jinsi soda inavyobubujika, ikatoka nje ya mdomo wa tangi, ikatiririka hadi kwenye ekzosi. Nikasikia ile sauti ya blanketi.

Moto haukuwa mkubwa. Ulipanda mara moja kama mtu mrefu aliyesimama ghafla, ukashika mkono wa shemeji kuanzia kiganja hadi kiwiko, ukalamba ukingo wa hema. Watu walikimbia, viti vikaanguka. Vijana waliokuwa wamesimama tayari kwa ajili ya kaburi ndio waliofanya la maana. Walichota udongo mwekundu wa kaburini kwa sepetu zao wakaurusha juu ya jenereta, na mmoja akamfunika shemeji mkono kwa koti lake. Mimi nilikimbilia gari. Nina kizima moto chini ya kiti, nakikagua kila mara, nakionea fahari. Nilikuwa nikihangaika na ule mkanda unaokishikilia, vidole havitii, na nilipofika nacho hapakuwa na moto tena. Nilisimama nimekumbatia chombo chekundu, pini tayari nimeichomoa, mbele ya rundo la udongo lililokuwa likifuka moshi.

Shemeji hakukubali kwenda hospitali kabla ya kumzika baba yake. Alikaa na mkono ndani ya beseni la maji, meno ameyauma, wakati mchungaji akiharakisha maombi kwa sauti tupu, bila spika. Mama mkwe hakurudi kusimama. Baba yake alimwuliza kijana yule amekuja na nini, na sisi tulimzika bila kujua alijibu nini. Baada ya mazishi shemeji alipelekwa hospitali kwa gari la mtu wa kiwandani. Langu lilikuwa karibu zaidi, na mlango niliufungua, lakini walimpitisha.

Mke wangu hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alibaki kwao mpaka siku ya kunyolewa, na kwenye simu aliniuliza jambo moja tu, kwa nini nilisema zote. Ningesema moja imekataa, akasema, angenitetea.

Siku ya kunyolewa ndiyo siku ambayo familia hukaa chini, wafiwa wananyolewa nywele, na kila mwenye neno huliweka wazi. Nilikwenda. Mama aliyeolewa Mayoni alinisalimu kama kwanza, nikashukuru. Shemeji alikuwa ameketi na mkono umefungwa bendeji nyeupe hadi juu ya kiwiko. Wazee walipofika kwenye jambo langu hawakulichelewesha. Waliuliza kama ni kweli steshoni zilikataa. Nikasimama nikasema hazikukataa. Wakauliza basi kwa nini. Nikasema niliogopa kubeba petroli garini. Sikuweza kueleza zaidi ya hapo. Habari ya mwenzangu wa stejini, habari ya mikono yake, yote niliiacha. Niliona kwamba nikiitoa pale itaonekana ni kisingizio kingine, na mbele ya mtu mwenye bendeji isingefaa. Mzee mmoja akasema dereva anayeogopa petroli ni kama mpishi anayeogopa ugali. Wakacheka, bila chuki, na jambo langu likaisha. Wakaendelea na habari ya mipaka ya shamba.

Nilikuwa nimekwisha kuaga, naelekea lilipo gari, nilipoitwa. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya mlango wa jikoni, kichwa kimenyolewa, kanga imeshuka hadi mabegani. Mke wangu alikuwa amesimama kando yake. Nilisimama mbali, nikainamisha macho, nikingoja azungumze kupitia kwa binti yake kama kawaida. Akazungumza nami mwenyewe.

"Mkwe, siku ile uliinua mkono. Nilikuona. Ulitaka kusema nini?"

Sikutegemea kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa akinitazama mimi wakati ule. Wote walikuwa wakiitazama chupa. Lakini yeye alikuwa amesimama kule mbele, juu kidogo, anaangalia kila kitu kwa kuwa hakuwa na la kufanya ila kungoja.

"Nilitaka kusema wangoje mashine ipoe, mama."

"Na ukanyamaza."

"Ndiyo, mama."

Ndani ya jikoni maji yalikuwa yakichemka, na mke wangu hakuinama kuyaepua.

"Kwa sababu walikucheka," mama mkwe akasema.

Nikasema ndiyo. Alitikisa kichwa, si kwa hasira, kwa namna ya mtu anayesikia bei ya kitu imepanda tena. Akaniambia mambo ya steshoni yeye hayamuumizi kichwa, wanaume hudanganya kuhusu mafuta, kuhusu barabara, kuhusu saa waliyotoka. Akasema huyo aliyeungua ni mwanawe, na mimi nilimwona anakwenda kuungua. Kisha akamwambia binti yake anipe ndizi za kupelekea watoto, na mazungumzo yakaisha. Nilizipokea zile ndizi kwa mikono miwili. Nilipofika barabarani nilisimamisha gari kando ya miwa, kwa maana nilikuwa sioni vizuri.

Kidonda cha shemeji kilihitaji kusafishwa mara kwa mara, na zahanati ya karibu haikuwa na dawa aliyoandikiwa. Alitakiwa aje Kakamega. Nilimtumia ujumbe kwamba nitakuwa nikimchukua na kumrudisha. Hakujibu, lakini nilipofika mara ya kwanza nilimkuta langoni amevaa shati lenye mkono mmoja uliokatwa kwa mkasi. Akaingia, akakaa mbele. Tulizungumza habari za mpira, za kiwanda kufunguliwa na kufungwa, za mvua. Ndani ya gari kulinuka ile dawa ya vidonda, na mimi nilikuwa nikiendesha kwa uangalifu ambao hata mtihani wa leseni sikuufanyia, nikikwepa kila shimo ili mkono wake usitikisike.

Mara moja tulipofika mjini mapema nilimpitisha stejini. Sikuwa nimepanga. Yule mwenzangu alikuja dirishani kunisalimu, akaegemeza ile mikono yake kwenye kioo, akaniomba nimnunulie sigara nikirudi. Shemeji aliitazama ile mikono. Hakuuliza hapo. Tulikuwa tumekwisha kutoka hospitali, tuko njiani kurudi, mbele yetu trela ya miwa imepinduka na kuziba barabara nzima na madereva wamezima injini, alipouliza ni nini kilimpata yule mtu.

Nikamwambia. Nilianza na mtungi wa manjano na kile kipande cha nailoni, nikafika kwenye sauti ya blanketi, nikaendelea hadi kwa msichana wa ovaroli, hadi kwenye mkono niliouinua nikaushusha. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa magumu. Nilimwambia nikiitazama miwa iliyomwagika barabarani, si yeye. Watu walikuwa wamejitokeza kutoka majumbani wanaiokota na kukimbia nayo.

Shemeji aliwatazama wale waokota miwa. Halafu akauinua ule mkono wenye bendeji, akauangalia kama wa mtu mwingine.

"Ungenipigia kelele hata ya matusi," akasema. "Mimi ningeacha."

"Najua."

"Si unajua mimi naogopanga ng'ombe? Nimezaliwa katika boma la ng'ombe na siwezi kukamua. Mke wangu ndiye anakamuanga. Boma lote linajua."

Nikamwambia sikujua. Akasema sasa najua. Akacheka kidogo, nikacheka naye, lakini uso ulikuwa unaniwaka, na alipoacha kucheka hakunisamehe kwa maneno wala mimi sikumwomba. Trekta jingine lilikuja kuivuta ile trela. Vijana wakaanza kusukuma miwa pembeni, barabara ikafunguka upande mmoja, nami nikawasha gari, nikangoja zamu yetu.